Nani Anafua Jezi?

Mhadhara uliotolewa mjini Kyela mbele ya viongozi wa klabu za mpira za watoto, makocha, walimu wa michezo na wazazi

Ninyi vijana mmekalishwa viti vya nyuma kwenye mkutano unaowahusu ninyi.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie kuibua vipaji. Mada hiyo imezungumzwa kwenye kila kikao cha michezo nilichowahi kuhudhuria, na kila mara mazungumzo yanaishia pale pale: tupate uwanja wenye nyasi, tupate mipira, tupate mfadhili. Kamati iniwie radhi. Mimi nitazungumzia watu walio chini ya hayo yote. Nani anafua jezi? Nani anapika timu ikienda ugenini? Nani anamfikisha mtoto wa watu mlangoni kwao giza likishaingia? Na sisi tunaojiita viongozi tunawatendeaje watu hao na watoto wao?

Msimamo wangu nausema mapema, ili atakayetoka kwenda kuwahi gari asiukose. Klabu zetu za watoto zinabebwa na wazazi wasiolipwa, wengi wao akina mama, na kwenye klabu hizo hizo hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa majina yao wala jasho lao. Tunawashukuru kwa maneno. Mimi nasema tuwaheshimu kwa daftari.

Nieleze safari moja. Timu ya watoto wa chini ya miaka 15 ilikuwa inatoka Kyela mjini kwenda Matema kugombea mbuzi. Usafiri ulikuwa Noah, na mnajua Noah inabeba wangapi kwa mujibu wa kadi yake na inabeba wangapi kwa mujibu wetu sisi. Nyuma kabisa, sufuria kubwa ikiwa katikati ya magoti yake, alikaa mama ambaye mwanawe si hata wa kikosi cha kwanza. Ni kipa wa akiba. Jezi zote alikuwa amezifua Ijumaa kwa sabuni ya mche na kuzianika juu ya kichanja cha kakao, kwa kuwa kamba haikutosha. Namba nane ilikuwa imebanduka upande mmoja ikawa inasomeka tatu, na namba tatu yupo, basi akaishonea kipande cha kitambaa cheupe kwa sindano ya mkono. Usiku wa manane akainjika wali, mchele wa shambani kwake. Kwenye mfuko wa pembeni alikuwa na dagaa wa kukaanga, machungwa, chumvi, na chupa ya maji ya uvuguvugu kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye kifua, ambaye si wake.

Tuliposhuka Matema, yeye alikwenda kwanza kuomba mafiga kwa mwenyeji apashe chakula. Mpira wa kipindi cha kwanza hakuuona. Wakati wa mapumziko aligawa machungwa vipande vinne vinne, na kabla ya kugawa aliwahesabu watoto kwa macho, kama mtu aliyezoea kuhesabu. Timu ilishinda. Mbuzi akapatikana, mfadhili akaongeza na fedha kidogo "ya nauli". Mwenyekiti alisimama akatoa hotuba fupi ya kuwashukuru akina mama kwa moyo wao wa kujitolea, watu wakapiga makofi. Kisha fedha ya nauli ikagawanywa kwa viongozi kama posho. Na kwa kuwa viongozi wawili waliokuja kwa njia zao waliamua kurudi na timu, nafasi kwenye Noah haikutosha. Mama na sufuria yake tupu wakapandishwa bodaboda mpaka Ipinda, nauli juu yake mwenyewe.

Nilichojifunza pale ni kwamba hakuna mtu aliyekusudia ubaya. Mwenyekiti yule ni mtu mwema na anawapenda watoto. Ukimuuliza, atakuambia kwa moyo safi kwamba bila akina mama klabu ingekufa. Atakachoshindwa kukuambia ni mama yule ametumia shilingi ngapi tangu msimu uanze, kwa sababu hajawahi kujiuliza, na hapajawahi kuwa na mahali pa kuliandika jibu.

Kwa Wanyakyusa, jambo la rika kulishwa na mama wa mtu lina mizizi mirefu. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti huku kwetu kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu chake, Good Company, kinachoeleza vijiji vya rika. Wazee waliomo humu hawahitaji kitabu hicho ili wakumbuke waliyosimuliwa na baba zao. Mvulana wa miaka kumi hivi, ambaye mpaka hapo alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake, alitoka kwenye nyumba ya wazazi akaenda kulala na wenzake kwenye vibanda walivyojijengea wenyewe. Alilala huko, ila hakula huko. Chakula kilibaki kwa mama. Wala vijana hawakutawanyika kila mtu kwa mama yake. Walikwenda kwa kundi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila mama aliwalisha wana wa wenzake akijua kwamba na wa kwake analishwa kwingine. Nao vijana walishika jembe kwenye mashamba ya wazazi wao.

Sikuja kuwaambia kwamba zamani ilikuwa bora. Mfumo ule haukuwafikiria wasichana hata kidogo. Wao waliolewa wadogo na kupelekwa kwenye vijiji hivyo hivyo. Lakini mfumo ule ulikuwa na zamu. Leo mama aliyekubali kupika mara ya kwanza ndiye anayepika mpaka mwanawe avuke umri, na wengine wote tunamsifu kwa moyo wake wakati tunachosifia ni uvivu wetu.

Na kulikuwa na ubusoka, siku ya kutoka. Mara moja katika kila kizazi, baba waliwakabidhi wana wao nchi: machifu vijana wakatambulishwa mbele ya watu, ardhi ikapangwa upya, wazee wakasogea pembeni wakiwa bado hai. Humu ndani nawaona wenyeviti wa klabu za watoto ambao wamekalia kiti hicho tangu wachezaji wao wa sasa hawajazaliwa. Sitataja mtu. Mnacheka kwa sababu mnamjua.

Hebu sasa tuongee fedha, maana ndipo penye kidonda.

Wilaya hii inajua kupima. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka hapa na kwa jirani zetu wa Rungwe na Busokelo. Mkulima akipeleka kakao yake kavu kwenye AMCOS anasimama karibu na mizani, anaisoma mwenyewe, anapewa stakabadhi, na mnada ukishafanyika anajua bei ya kilo. Ikipungua nusu kilo, kelele zake utazisikia Kasumulu. Mtu huyo huyo anatoa mchango wa klabu kwa ajili ya mwanawe mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, na hajawahi kuonyeshwa karatasi hata ya ukubwa wa tiketi ya basi. Mbona hasimami karibu na mizani?

Nimewauliza wazazi wengi swali hilo, na jibu ni moja kwa maneno tofauti. Ukiuliza, unaonekana una nongwa. Na ukionekana una nongwa, Jumamosi ijayo mtoto wako anakaa benchi. Hakuna atakayesema ni kwa sababu ya swali lako. Kocha atasema mtoto hajawa fiti, au alichelewa mazoezini, au "tunampumzisha". Mama atanyamaza. Mtoto, ambaye ana akili kuliko tunavyodhani, ataelewa kabisa kwamba amekaa benchi kwa kosa la mama yake kuuliza, na usiku atamwambia: mama, usiulize tena.

Hili ndilo linalonikera kuliko yote nitakayoyasema leo. Uwanja mbovu ni umaskini, na umaskini si dhambi. Mpira mmoja kwa watoto thelathini ni umaskini. Kumfanya mtoto kuwa rehani ya ukimya wa mzazi wake hakuna uhusiano na umaskini wowote. Huo ni uamuzi wa mtu mzima mwenye filimbi shingoni. Na una upande wake wa pili, ambao nao tunaufahamu: baba aliyenunua mipira mitatu, mwanawe anacheza dakika zote hata siku ana homa. Watoto wanaviona vyote viwili na wanajifunza. Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Kwenye baadhi ya klabu zetu anayetunzwa ni mwana wa mtoaji, awe anajua kucheza au hajui.

Kuhusu wafadhili nitapita haraka. Mwaka wa uchaguzi jezi zinapatikana kwa wingi, na mgongoni zina picha ya mtu. Mwaka unaofuata hata mpira mmoja ni tabu. Zipokeeni, sisemi mzikatae, ila ziandikwe: zimetoka kwa nani, ngapi, lini, na nani anazitunza. Sina zaidi ya hapo.

Makocha, msinielewe vibaya. Ninyi wenyewe ni watu wa kujitolea. Wengi wenu ni waendesha bodaboda, walimu, wavuvi, vijana mliokuwa mkicheza ndondo mpaka goti likakataa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa nchini kwa miaka kadhaa, UMITASHUMTA na UMISSETA zikalala, na ni ninyi wa mitaani mliowashika watoto. Ziliporudi, mzigo wa malezi ya mpira ulikuwa umeshahamia kwenu na haukuondoka. Hakuna anayewalipa nauli. Kwa hiyo nikisema mzazi aandikwe, na kocha aandikwe vile vile: saa zake, nauli yake, filimbi aliyoinunua kwa fedha yake.

Wazazi nao wasitoke humu wakiwa wasafi. Nani anafoji umri? Kocha peke yake hawezi. Cheti kinatoka kabatini mwa mzazi. Mnawajua vijeba. Mnamwona kijana ana ndevu amesimama mstari mmoja na watoto wa darasa la sita, na jukwaa zima linashangilia kwa sababu ni wa kwetu. Taifa zima liliwahi kulipia jambo hili. Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 za mwaka 2005 kule Gambia, wakaondolewa kwa kosa la umri wa mchezaji mmoja, na Zimbabwe wakaenda badala yetu. Vijana wote wale waliofanya kazi halali wakabaki nyumbani kwa ajili ya karatasi moja. Miaka kumi na miwili baadaye mambo yakageuka: Congo-Brazzaville walishindwa kumpeleka mchezaji wao kwenye kipimo cha umri, CAF ikawaondoa, na sisi tukapata nafasi ya kwenda Gabon mwaka 2017. Siku hiyo tuliipenda sana sheria. FIFA ilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009, na mfupa haudanganyi kwa sababu mjomba ana rafiki mahali fulani.

Lakini hesabu ya kweli ya kijeba haifanyiki Cairo wala Zurich. Inafanyika hapa. Kijeba mmoja akiingia, mtoto mmoja mwenye cheti halali anatoka. Huyo anayetoka ana miaka kumi na mitatu, mwili bado haujajaa, angehitaji miaka miwili tu ya subira. Anaacha mpira akiamini kwamba yeye hafai. Mama yake, aliyekuwa anakuja na machungwa, naye anaacha kuja. Klabu imepoteza wawili kwa ajili ya mbuzi.

Na kelele za pembeni ya uwanja, wazazi, mzipunguze. Nimesikia mtu mzima, baba wa watoto, akipiga ukelele "mvunje huyo!" na huyo anayetakiwa kuvunjwa alikuwa mtoto wa darasa la tano.

Sasa kuhusu usalama wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote wa chini ya miaka 18. Katika yale ambayo mzazi au mlezi anawajibika kumpa, sheria hiyo imeorodhesha chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na papo hapo ikaweka haki ya kucheza na kupumzika. Kucheza kumewekwa sufuria moja na chakula. Sheria hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu. Ni klabu gani humu imewahi kuwauliza watoto wenyewe wanataka mazoezi saa ngapi? Wapo wanaotoka shule saa tisa bila kula, wanapitiliza uwanjani, wanakimbizwa mpaka saa kumi na mbili, kisha tunashangaa mtoto anaanguka.

Viboko. Najua wengi wenu mlichapwa na mnasema viliwajenga. Sikilizeni basi jinsi serikali ilivyomfunga mikono mwalimu mkuu wa shule, mtu aliyesomea kazi yake. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko shuleni ni cha mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu. Mwalimu mkuu ana kikomo na ana kitabu. Kocha wa klabu ya mtaani hana ruhusa yoyote kwenye kanuni hizo, hana kikomo, hana kitabu. Anayemchapa mtoto kwa kukosa penalti anampiga mtoto wa watu, basi. Mkimwita polisi, kocha huyo hatakuwa na kifungu cha kujitetea.

Usafiri. Watoto watatu nyuma ya bodaboda moja, tunaita mishikaki na tunacheka. Na kwa ndugu zangu wa mwambao, wa Ikombe na wanaovuka kwenda Lumbila upande wa Ludewa, ambako Milima ya Livingstone inaingia ziwani na gari halipiti: timu ya watoto ikipandishwa mtumbwi wa injini, kila mtoto awe na jaketi la kuokolea maisha mwilini, na upepo wa kusini ukianza mechi iahirishwe. Mnalijua ziwa hili kuliko mimi. Kuanzia Juni mpaka Agosti linaweza kubadilika kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Pointi tatu hazina thamani hiyo. Mwenye kuamua safari iwe au isiwe asiwe mwenyekiti peke yake. Mzazi mmoja aliye na mtoto ndani ya mtumbwi awe na kura ya kukataa.

Wasichana. Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, wakawafunga Ufaransa mabao 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Tangu hapo hata huku kwetu baba ambaye hakutaka kusikia binti avae bukta ameanza kulegea. Ni jambo jema, na linaleta wajibu mpya. Timu ya wasichana isisafiri, isilale kambini, isifanye mazoezi ya jioni bila mama aliyekubaliwa na wazazi wenzake kuwa nao. Awe na mamlaka, siyo mtu wa kushika maji tu: akisema kocha usiingie chumba hiki, kocha asiingie. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia maisha rais wa chama cha soka cha Afghanistan kwa kuwadhalilisha wachezaji wa kike. Ikiwa jambo hilo lilitokea kwenye ofisi yenye walinzi na bendera, nani atasema haliwezi kutokea kwenye kambi iliyo nyuma ya shule usiku wa Ijumaa? Na likitokea, lipelekwe ustawi wa jamii na polisi, lisimalizwe kwa kikao cha ukoo na faini ya ng'ombe.

Nchi za mbali nazo zina la kutufundisha, ingawa sipendi kuwa mtu wa kusifu ya ng'ambo. Norway, nchi ndogo kwa watu na tajiri kwa mafuta, klabu zake za watoto zinaendeshwa na wazazi wa kujitolea kama zetu: baba anapanga koni, mama anauza chai, kisha wanabadilishana. Huko, kanuni za michezo ya watoto zinazuia kuweka matokeo na msimamo wa ligi mpaka mtoto afike miaka 11, na ubingwa wa taifa haupo kabla ya 13. Wanaamini kwamba mtoto wa miaka tisa anahitaji mpira mguuni kuliko nafasi kwenye jedwali. Sisi tunampa mtoto wa miaka tisa mbuzi wa kugombea na watu wazima wa kumtukana akimkosa. Wale wa Norway wana fedha, ni kweli. Lakini kumchezesha kila mtoto angalau kipindi kimoja kunagharimu shilingi ngapi?

Sasa nije kwa wale ambao mpaka hapa wanasema, huyu anaongea ya huruma, mpira ni biashara. Vema, tuongee biashara.

Kanuni za FIFA za uhamisho zinataka asilimia 5 ya ada ya mchezaji anayeuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine igawiwe klabu zilizomlea, kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 mpaka 23. Kwa kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15, klabu inapata robo asilimia ya ada hiyo. Kuanzia 16, nusu asilimia kwa mwaka. Pigeni hesabu. Mchezaji akiuzwa kwa dola 1,000,000, klabu iliyokuwa naye miaka minne, kutoka 12 hadi 15, ina haki ya dola 10,000. Tangu mwaka 2022 FIFA ina chombo maalumu mjini Paris cha kukokotoa na kulipa fedha hizo. Na haya si ndoto za alinacha. Januari 2020 Mbwana Samatta alitoka Genk ya Ubelgiji akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England.

Ila chombo kile cha Paris hakimjui mama wa sufuria wala hakimjui mwenyekiti. Kinamlipa yule aliyeandikwa: klabu iliyosajiliwa, mtoto aliyesajiliwa, miaka iliyoonyeshwa. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ipo tangu mwaka 1967, afisa michezo wa wilaya yupo, chama cha mpira cha wilaya kipo. Klabu nyingi za watoto humu hazijasajiliwa popote. Kijana akiondoka hapa ana miaka kumi na sita, karatasi zake zitaanza kusomeka kule alikokwenda, Mbeya au Dar es Salaam, na ile miaka minne ya wali na machungwa itakuwa haikuwahi kuwepo.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, majirani zetu wa hapo juu tu, walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara. Majina ya wachezaji wale wazee bado wanayataja kwa raha. Waliowalisha walipokuwa wadogo hakuna anayewataja.

Nawaonya hapo hapo, msije mkatoka humu mkamtazama kila mtoto kama dola zinazotembea. Wengi wa hawa vijana waliokaa nyuma hawatauzwa popote. Watalima kakao na mpunga, watavua, watakuwa wauguzi, watauza duka Kasumulu. Klabu iliyowalea vizuri itakuwa imefanya kazi yake yote hata kama hakuna hata mmoja atakayepanda ndege. Fedha za FIFA nimezitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba hata wakubwa wa dunia, ambao hawana huruma nyingi, wamekubali kwamba aliyemlea mtoto anadai.

Ombi langu kwenu basi ni hili. Mvua hizi zikiisha na viwanja vikakauka, ligi za watoto zitaanza. Kabla ya mechi ya kwanza kila klabu inunue daftari kubwa, lile la kurasa mia mbili. Liandikwe jina la kila mtoto pamoja na tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti cha RITA. Iandikwe zamu ya wazazi, wa kupika, wa kufua na wa kusafiri, baba na mama, na asirudiwe mtu kabla zamu haijazunguka. Ziandikwe fedha, iliyoingia na iliyotoka, na katika iliyotoka, nauli ya mama wa sufuria iwe ya kwanza kabla ya posho ya mtu yeyote. Ziandikwe dakika za kila mtoto, ili ijulikane nani anakaa benchi na kwa nini. Kwenye kamati waingie wazazi wawili waliochaguliwa na wazazi wenzao, angalau mmoja awe mama. Na daftari likae mezani kila siku ya mazoezi, mzazi yeyote alifungue bila kuomba ruhusa.

Akina mama, klabu itakayoanza msimu bila daftari hilo, msiipikie.